Ukiuwasha Moto, Uuzime Kwanza

Kabla hujanipigia simu kuniambia kwamba jicho limekufa, lifute. Nimelisema hili mwanzo kabisa kwa sababu nawajua. Mtasoma mistari michache, mtaona mmeelewa, mtashika simu. Mimi nimestaafu, wanangu. Nina kuku wangu hapa Garsen na matuta yangu ya mchicha, na bado hazipiti siku nyingi bila kijana wa kiwanda fulani kuniita "Mama Fundi" kwa sauti ya upole mno. Nikisikia upole huo najua tayari: boila imezima, meneja amekuja juu, na hakuna aliyelifuta jicho.

Jicho ninalolisema ni kile kidude kinachotosha kiganjani, kinachofungwa kwenye bana ya mafuta. Bana, kwa mliopita hapa kwa bahati tu, ni mashine inayopuliza dizeli kama ukungu ndani ya tumbo la boila, pamoja na hewa, ili iwake. Jicho lina kazi moja tu duniani, kutazama kama moto upo. Likiuona, linakiambia kisanduku cha umeme kiache vali ya mafuta wazi. Lisipouona, kisanduku kinafunga mafuta. Kazi hiyo hata mtu angeweza kuifanya akikaa kwenye kiti na kuchungulia, isipokuwa mtu husinzia, huenda chooni, na siku hizi hutumiwa video na shemeji yake.

Na ni kazi ya kufanywa kwa makini, kwa sababu moto ukifa na mafuta yakaendelea kupulizwa, ule ukungu hujaa ndani kimyakimya. Matofali yaliyojengewa ndani ya boila bado ni mekundu kwa joto. Yakishauchokoza vya kutosha, unawaka wote kwa mkupuo mmoja, na mlango wa boila huruka. Aliyesimama mbele ya mlango sina haja ya kumweleza, nyinyi mna akili.

Basi kulifuta jicho ni hivi: kitambaa laini, kikavu, safi. Shati lako si kitambaa safi. Shati la fundi wa bana lina mafuta kuliko bana yenyewe. Usitumie dizeli, wala usiteme mate. Nimewahi kumwona mtu mzima, mwenye watoto, akilitemea mate jicho na kulisugua kwa kidole gumba kama sarafu aliyoiokota sokoni, halafu akanitazama akingoja sifa.

Aliyenifundisha mimi alikuwa Mzee Athmani, mtu wa Kipini, aliyekuwa na karakana Mombasa tulikokwenda kutafuta kazi enzi hizo. Kama kuna mtu alinifanya nitamani kurudi kwetu kulima mpunga, ni yeye. Hakupenda haraka. Ukiingia karakana unakimbia, hata kama kiwanda kizima kimesimama kinakungoja, alikurudisha getini uingie upya kwa mwendo wa kawaida. Mimi alinirudisha mara nyingi hivi kwamba askari wa getini alidhani nimeajiriwa kumsaidia. Alipenda kusema kwa lahaja yake, ambayo njoo ni ndoo, "Ndoo utazame, usiguse," na mimi mwanzoni nilidhani kutazama si kazi. Wenzangu walikuwa wanagusa nyaya na nati, mimi nimeketi kwenye debe natazama moto kupitia kitundu cha kuchungulia. Ilichukua muda kuelewa kwamba alikuwa ananifundisha kuwa jicho.

Pale karakana palikuwa na mwenzetu, Karisa, mcheshi na mwepesi wa mikono. Macho ya zamani tuliyoyajua yalikuwa yanaona mwanga. Ulitaka kulijaribu, ulilimulika kwa tochi, nalo likadhani ni moto, taa ya kisanduku ikawaka, ukajua ni zima. Yalipoletwa kwa mara ya kwanza macho ya infraredi, Karisa aliyapokea, akayajaribu yote kwa tochi, moja baada ya jingine. Hakuna lililowaka. Akayafunga tena ndani ya katoni lake, akaandika juu kwa kalamu ya rangi nyekundu: VIPOFU. Alikwisha lipeleka katoni kwenye gari la kulirudisha lilikotoka.

Mzee Athmani alilishusha mwenyewe, kwa mwendo wake ule ule. Akachukua tochi ya Karisa, akalimulika jicho, taa haikuwaka. Halafu akaanza kupitisha vidole mbele ya mwanga, huku na huku, kama anayefukuza nzi kwenye chai. Taa ikawaka. Akaacha vidole, taa ikazima. Alirudia mpaka Karisa mwenyewe akaanza kucheka. Baadaye tulimwita Karisa "Daktari wa Macho" mpaka akahama mji, na nasikia jina lilimfuata.

Hiyo ndiyo siri yote ya jicho la infraredi. Halitafuti mwanga, linatafuta joto linalochezacheza. Mwali wa mafuta hautulii hata kidogo, unatetemeka muda wote, hata pale wewe unapouona umenyooka. Tochi imetulia, kwa hiyo jicho linaidharau. Na kabla hamjanitumia ujumbe: mwanga wa simu zenu hauna joto la kutosha, mtapitisha vidole mpaka viote sugu. Tumieni kiberiti cha gesi, na mkiweke mbali na mabomba ya mafuta, tafadhali.

Miaka mingi baadaye nilimweleza haya haya Bwana Godana, ambaye mtamsikia sana kuanzia sasa. Godana ni Muorma, mfugaji tangu azaliwe, na ndiye aliyekuwa mwangalizi wa boila katika kiwanda kimoja kidogo cha kupika maembe nje kidogo ya Garsen. Boila ilimpa mshahara, ng'ombe walimpa heshima, naye hakuwahi kuficha anachokipenda zaidi. Nilipomaliza maelezo yangu ya joto linalocheza, alitikisa kichwa kana kwamba namfundisha kunywa maziwa. Akasema ukiwa mbugani ukatazama mbali, ng'ombe na kichuguu ni kitu kimoja, mpaka kimoja kitikise mkia. Tangu siku hiyo sijapata maelezo bora, na nimeyatumia katika semina bila kumtaja, jambo ambalo analijua na hulisema mbele za watu.

Sasa basi, hicho kiwanda. Waliniita mwanzo wa msimu wa maembe niwafungie jicho jipya la infraredi, maana la zamani lilikuwa limechoka, likizima boila kila lilipojisikia. Ukiona kiwanda kinanunua kifaa kipya msimu ukishaanza, jua kwamba msimu uliopita walikisukumasukuma kile kibovu. Nilifika asubuhi na kukuta malori ya maembe yamekwisha panga foleni nje ya geti, na juu ya lori la kwanza, juu ya matenga, ameketi wifi yangu Hadulu.

Hadulu ni dada mkubwa wa mume wangu. Analima Ndera, kando ya mto, na mdomo wake haujapata likizo tangu namjua. Siku ya harusi yangu aliwaambia wageni kwamba kaka yake ameoa kibiriti. Mwaka ule mto ulikuwa umepanda na kuichukua nyumba yake, kuta na kila kitu, akawa analala kwa jirani na vyombo vyake viko chini ya turubali. Maembe yale, ya aina ya ngowe, ndiyo yaliyokuwa mabati yake. Alinieleza hivyo hivyo, kutoka juu ya lori, kwa sauti iliyosikika mpaka ofisini: ngowe hizi ni paa, wifi, basi fanya haraka, zimeiva.

Nilifanya haraka kadiri Mzee Athmani alivyoniruhusu. Nikavuta waya wa jicho kwenye bomba lake peke yake, mbali na waya wa cheche. Hilo mlishike. Waya wa cheche una makelele, na ukilala pamoja na waya wa jicho unalipigia porojo, jicho linasema limeona moto ambao haupo. Nikalifunga jicho kwenye bomba la kutazamia. Boila ikishawaka kwa muda, bomba hilo hushikwa kwa mkono mtupu kuona kama linapata joto, maana usipoweza kulishika wewe, jicho nalo haliwezi kukaa hapo. Nikalielekeza kwenye shina la moto, pale ukungu wa mafuta unapotoka kwenye nozeli na kushika, siyo kwenye mkia wa mwali unakoyumba, siyo kwenye matofali. Tukawasha. Bana ikavuma, taa ikawaka, meneja akapiga makofi. Nje ya geti nikasikia watu wa malori wakishangilia.

Hapo ndipo kazi yangu inapoanza kuchukiwa.

Jicho linaweza kuona moto vizuri sana na bado likawa la hatari. Swali si kama linauona moto uliopo. Swali ni kama litakiri kwamba umekufa. Ili ulijue hilo, unaiacha boila iwake mpaka matofali ya ndani yawe mekundu kabisa, halafu, mkono wako mwenyewe, unafunga mafuta. Moto unakufa, matofali yanabaki yanang'aa. Jicho linatakiwa liseme ndani ya sekunde chache: hakuna kitu. Matofali yametulia, ni kweli, lakini feni inapuliza hewa juu yake, na hewa juu ya kitu cha moto hucheza. Mnaijua barabara ya lami ya kuelekea Minjila saa sita mchana, inavyoonekana ina maji yanayotetemeka? Jicho likiona mtetemo kama huo hudanganyika kama mgeni yeyote.

Basi meneja ananiambia moto umewaka, niandike nimemaliza, atanitafutia gari la kunirudisha. Nikamwambia asubiri matofali yaive. Akaenda zake akitikisa kichwa. Matofali yalipokuwa mekundu, nikashika vali ya mkono, na hapo Hadulu alikwisha pita getini, sijui alimwambia nini askari. Akasimama nyuma yangu, mikono kiunoni.

"Wifi, tangu asubuhi tunaomba moto uwake. Umewaka. Sasa wauzima?"

"Nauzima nione kama jicho litasema kweli."

"Na maembe yangu yakioza, jicho lako litayaona?"

Godana naye alikuwa upande wake, na hilo peke yake lilikuwa jambo la kuandikwa, maana wawili hao hawakuwahi kukubaliana hata kuhusu mvua. Hadulu alikuwa na kesi ya miaka mingi na ng'ombe wa Godana, ambao aliwatuhumu kuingia kwenye mahindi yake bila hodi. "Fundi," Godana akaniambia kwa upole, "moto iko. Mimi naona, wewe naona, jicho naona. Shida iko wapi?"

Nikafunga mafuta.

Mngurumo ukakatika, ikabaki sauti ya feni. Nikatazama taa ya kisanduku. Ilikuwa inawaka. Nikangoja. Iliendelea kuwaka, imetulia, inajiamini, kama mtu anayeongopa mbele ya chifu. Nilimwita Godana achungulie kitunduni.

"Ndani kuna moto?"

Akachungulia sana. "Hapana. Matofali tu."

"Taa inasema nini?"

Akageuka kuitazama. Godana ana ndevu anazozitia hina, nyekundu nzuri, anazitunza kuliko wengine wanavyotunza shamba. Nilimwona akizishika.

Nikamwambia kwamba kama moto ungekuwa umekufa wenyewe na vali ile iko wazi, mafuta yangekuwa yanamwagika humo ndani wakati huu huu, na yeye akiwa ameweka uso wake hapo hapo alipouweka. Alirudi nyuma, akautazama mlango wa boila kama fahali asiyemjua, halafu akaenda kumwambia meneja kwamba leo hakuna kuwasha mpaka Fundi aseme. Meneja akamwambia yeye ni mwangalizi tu. Godana akakubali kwamba ni mwangalizi, akakaa kwenye kiti chake mbele ya swichi kubwa, na hakuinuka.

Chanzo hakikuwa kigumu kukipata. Mtu fulani, zamani, alikuwa ameziba ufa kwenye mdomo wa matofali unaopitisha moto, kwa udongo unaostahimili moto, akaziba kwa moyo wote, mpaka ikabaki nundu kama ugali uliokwama kwenye sufuria. Nundu hiyo ilisimama ukingoni mwa njia ya jicho. Moto ukiwepo huioni, moto ukifa inabaki peke yake inang'aa, hewa inacheza juu yake. Dawa yake ni kuibomoa kwa tindo, na kuweka mbele ya jicho kizibo chenye tundu dogo ili libanwe litazame shina la moto tu. Kazi ya muda mfupi. Lakini kwanza boila ipoe mpaka mkono uingie, na boila haibembelezwi.

Nikatoka nje kuwaambia watu. Hadulu alinisikiliza mpaka mwisho, na hiyo ilinitisha zaidi ya kelele. Akaniuliza itachukua muda gani. Nikamwambia mpaka jioni. Akatazama matenga. Jua la Garsen mnalijua, na ngowe iliyoiva ikikaa ndani ya tenga chini ya turubali hujipika yenyewe. Aliniambia tu, "Haya, wifi," akaenda kukaa chini ya lori. Iliniuma. Naandika wazi kwamba iliniuma, msije mkadhani fundi anayesema hapana huwa anasikia raha. Nilikuwa najua kabisa nyumba ya nani naikata vipande.

Mchana kutwa alichambua. Yaliyoanza kulainika aliyaweka kando, na rundo likakua. Godana, bado kwenye kiti chake, aliliona kupitia mlango. Ulikuwa wakati wa kiangazi, ng'ombe wake walikuwa wanachungwa karibu, nyasi zimebaki jina. Akamtuma mtu amuulize Mama Hadulu kama anaweza kupewa yale yaliyoharibika. Hadulu akajibu, akihakikisha huyo aliyemtuma anasikia kule ndani, kwamba ng'ombe wa Godana wamekula mahindi yake miaka yote bila kuomba, na kama leo wamejifunza kuomba, basi wapewe, wasije wakasahau tena. Wakala. Nilikuwa ndani ya boila nusu mwili, na tindo mkononi, na nilisikia watu wa malori wakicheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Tukawasha tena. Tukangoja matofali yawe mekundu, na safari hii hakuna aliyeniuliza kwa nini. Nikafunga mafuta. Moto ukafa, na kabla hujamaliza kusema Bismillahi taa nayo ikafa, vali ikajifunga yenyewe: tak. Nikamwita Godana, akachungulia, akatazama taa, akachungulia tena. Hapo nikamwambia meneja awashe kiwanda.

Yaliyobaki ya Hadulu yalipikwa jioni ile. Yalitosha nusu ya paa. Nusu nyingine ya nyumba yake ilibaki na turubali, na kila mgeni aliyefika Ndera alitembezwa: upande huu wa mabati ni wa maembe, upande huu unaovuja ni wa wifi yangu, akija ndipo anapolala. Na kweli nilipokwenda nililala hapo. Mvua ilininyeshea kwa niaba ya usalama wa viwanda.

Godana naye hakuachwa. Kila alipopita na maziwa, Hadulu alisema hayo ni maembe yake yamegeuka rangi. Alipoona ng'ombe wa Godana amenenepa, alimsifu kwa sauti kama mwenye mali. Godana alizoea kujibu kwamba ng'ombe wake walipata kuharisha siku mbili kwa ajili ya maembe hayo, na angependa kulijua jina la daktari wa mifugo wa Mama Hadulu. Walikuwa wanaipenda kesi hiyo, wote wawili.

Mvua zilipokuja, kiwanda kikaletewa dizeli yenye maji ndani. Yaliingiaje, kila mtu alimtaja mwenzake. Maji hukaa chini ya tangi yakingoja zamu yake, na mchana mmoja yalifika kwenye nozeli. Godana alisikia mngurumo umebadilika. Akafanya ambacho kila mwangalizi mwenye bidii hufanya, na ambacho mimi siwezi kumkataza mtu kwa sababu hata mimi ningekifanya: akainama, akafungua kifuniko cha kitundu, akaweka uso wake hapo. Moto ukakohoa, ukafa huku anautazama. Yakabaki matofali mekundu.

Simu yangu ililia nikiwa najaza maji ya kuku. Sikuisikia ile sauti ya upole ya watu wasiofuta jicho. Ilikuwa sauti nyingine, ya Godana.

"Fundi. Taa imezima."

"Na moto?"

"Moto pia imezima."

"Basi vyote viwili vinasema kitu kimoja," nikamwambia.

Nilisikia feni inavuma nyuma yake. Halafu akasema vali imelia tak, ameisikia, na akakata simu. Nilikwenda, tukamwaga maji kwenye chujio na chini ya tangi, tukawasha, tukaendelea. Meneja alilalamika kwamba jicho langu limemsimamishia kazi nusu siku. Nyinyi mtakaoingia katika kazi hii zoeeni, maana ukiifanya vizuri hakuna kinachotokea, na hakuna anayemshukuru mtu kwa kitu ambacho hakikutokea.

Hivyo ndivyo nilivyoamini, mpaka wakati wa kuvuna mahindi, nilipokuwa Ndera kumsaidia Hadulu kupukuchua. Tulikuwa barazani, upande wangu, ule unaovuja. Godana akaja kwa mguu, peke yake, akiswaga ng'ombe mmoja na ndama wake. Hadulu hakungoja afike. Akamuuliza kutoka mbali huyo amekuja kula nini leo, maana maembe yamekwisha na mahindi yako ndani.

Godana akasimamisha ng'ombe mbele yake. "Hii ndiyo ilikula ile maembe yako. Mimi naleta ukamue. Ng'ombe yangu, maziwa yako."

Kwao hilo si jambo dogo. Mfugaji humpa ng'ombe wa kukamua ndugu aliyepungukiwa, au mtu anayemhesabu kuwa ndugu. Ng'ombe anabaki mali ya mwenyewe, maziwa ni ya aliyepewa, na nyumba mbili zinakuwa zimefungwa pamoja. Mkulima wa mtoni kuletewa hivyo, mpaka mlangoni kwake, watu wa jirani walianza kujitokeza milangoni.

Hadulu akamuuliza kwa nini. Godana alipitisha mkono kwenye ndevu zake nyekundu, akamweleza kwa maneno machache: mvua, maji ndani ya dizeli, uso wake kitunduni, moto umekufa, mafuta yamejifunga. Akasema siku ile ya maembe aliiona taa ikidanganya kwa macho yake mwenyewe, na kama ingeachwa vile, leo mtoto wake mkubwa ndiye angekuwa anachunga ng'ombe huyu.

Wifi yangu alimtazama ng'ombe. Akamtazama Godana, zile ndevu, ule uso mzima. Halafu akainua macho akaitazama turubali juu ya vichwa vyetu, polepole, kutoka mwisho mmoja mpaka mwingine. Aliponisogelea alisema kwa sauti ya chini, asisikike na majirani.

"Wifi, siku ile uliuzima mara ngapi ule moto?"

"Mara mbili."

"Ungezima hata ya tatu," akasema, akaingia ndani kutafuta chombo cha kukamulia.